Nyumba ya Sala Iliyobaki: Miaka 120 ya Jumuiya ya Kiebrania ya Nairobi

Katika misitu ya pwani yetu, upande wa Tanzania na upande wa Kenya, kuna mti ambao magome yake yanawasha kinywa kama pilipili manga. Ukitafuna kipande kidogo, mwanzo huhisi kitu, kisha ulimi unaanza kuchoma taratibu na joto linashuka hadi kooni. Wazee huyatumia kwa maumivu ya jino. Wataalamu wa mimea wanauita mti huu *Warburgia stuhlmannii*. Jina la pili ni la Franz Stuhlmann, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Jina la kwanza ni la Otto Warburg, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Hamburg mwaka 1859, mmoja wa waasisi wa kamati ya Berlin iliyohimiza kilimo cha kibiashara katika makoloni ya Wajerumani, na mhariri wa jarida lao la kilimo cha nchi za joto. Mwaka 1911 Warburg huyo huyo alichaguliwa kuwa rais wa tatu wa Shirika la Kizayuni la Dunia.

Mti huo una ndugu yake wa bara, *Warburgia ugandensis*, anayeota katika nyanda za juu za Kenya na Uganda. Naanza na miti hii miwili kwa sababu historia ya jumuiya ya sinagogi la Nairobi, inayohesabu mwanzo wake kuwa 1904, imo ndani ya majina hayo: Warburg, Uganda, Stuhlmann, pwani na bara. Mtu wa Tanga anayedhani habari hii ni ya mbali, ya Ulaya na Yerusalemu, atashangaa akijua imepita karibu na mlango wake mara ngapi.

Haja iliyozaa jumuiya, 1881–1903

Wayahudi wa Ulaya walichukiwa kwa karne nyingi kwa sababu ya dini yao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 chuki hiyo ilivaa nguo mpya. Mwaka 1879 mwandishi wa Kijerumani Wilhelm Marr aliunda chama cha kuwapinga Wayahudi kwa hoja ya asili na damu. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayechukiwa kwa dini anaweza kubatizwa na kuachwa, lakini anayechukiwa kwa damu hana pa kukimbilia.

Bagamoyo ilimwona mtu wa aina hiyo. Tarehe 4 Desemba 1889 aliingia mjini, pamoja na Henry Morton Stanley, yule aliyejulikana kama Emin Pasha. Alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840, katika familia ya Kiyahudi ya Silesia. Akabatizwa utotoni, akawa daktari, akatumikia Waturuki na Wamisri kwa jina la Kiislamu. Usiku ule, kwenye karamu, alianguka kutoka ghorofani, akaponea chupuchupu. Mwaka uliofuata aliondoka tena Bagamoyo kurudi bara, safari hii kwa utumishi wa Wajerumani, na Stuhlmann akiwa msaidizi wake. Mtu huyo alibadilisha jina, dini na dola aliyoitumikia, na bado vitabu vya zama zake havikuacha kutaja asili yake.

Huko Urusi hali ilikuwa ya damu kumwagika kweli. Tsar Alexander II alipouawa mwaka 1881, Wayahudi walishambuliwa mji hadi mji, na sheria za mwaka 1882 zikawabana zaidi mahali pa kuishi. Mwaka huo daktari Leo Pinsker wa Odessa alichapisha kijitabu akisema Wayahudi wasisubiri kukombolewa na wengine. Ufaransa nayo, nchi iliyojisifu kwa usawa, ilimhukumu Kapteni Alfred Dreyfus kwa uhaini ambao hakuutenda. Tarehe 5 Januari 1895 alivuliwa vyeo vyake hadharani, na haki yake haikurejeshwa hadi mwaka 1906. Mwandishi wa gazeti la Vienna, Theodor Herzl, alikuwa Paris akiripoti mambo hayo. Mwaka 1896 alichapisha kitabu chake kuhusu dola ya Wayahudi, na Agosti 1897 akaitisha mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni mjini Basel. Mwaka huo huo Vienna, mji wake mwenyewe, ilipata meya, Karl Lueger, aliyepanda cheo kwa kuwasema Wayahudi.

Kisha likaja la Kishinev. Aprili 1903, wakati wa sikukuu ya Pasaka, watu karibu 50 waliuawa katika mji huo wa himaya ya Urusi, mamia wakajeruhiwa, na nyumba na maduka yakavunjwa huku askari wakitazama. Baada ya hapo Herzl alikuwa akitafuta mlango wowote utakaofunguka.

Mlango wa Uasin Gishu, 1903–1905

Mlango ulifunguliwa na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliyesafiri kwa reli ya Uganda mwishoni mwa 1902 na kuvutiwa na baridi ya nyanda za juu. Barua rasmi ya serikali ilitoka tarehe 14 Agosti 1903. Eneo lililotajwa baadaye, takriban maili za mraba 5,000, lilikuwa Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Mpango uliitwa wa Uganda kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa imehamishwa kutoka Uganda mwaka mmoja tu kabla, Aprili 1902.

Mkutano mkuu wa sita wa Wazayuni, Basel, Agosti 1903, ulipiga kura ya kutuma tume ikachunguze: kura 295 ziliunga mkono, 178 zilipinga. Wajumbe wengi waliopinga walitoka Urusi, penye mauaji yenyewe, na baadhi yao walikaa chini wakalia kama watu waliofiwa. Kwao hapakuwa na mbadala wa Palestina. Herzl alikufa tarehe 3 Julai 1904 kabla tume haijaondoka.

Otto Warburg alikuwa miongoni mwa walioandaa safari ya tume, kazi iliyomfaa mtu aliyeijua ardhi ya Afrika Mashariki kwa maandishi na mbegu. Watu watatu waliteremka Mombasa Januari 1905: Meja Gibbons, msafiri wa Kiingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi, Myahudi pekee kati yao. Walipanda treni hadi Nakuru, wakatafuta wapagazi, wakapanda mlimani. Gibbons aliona nchi inafaa walau kwa kiasi. Wilbusch aliona nyasi na upepo, akaandika kwamba haifai kabisa. Mwaka huo huo mkutano wa saba ulikataa mpango wote, na mwandishi Israel Zangwill akajitoa na kuanzisha chama cha kutafuta ardhi popote duniani.

Walowezi wa Kizungu waliokwisha fika Kenya walikuwa wamepiga kelele tangu mwanzo, Lord Delamere akiwa mbele kwa telegramu yake kwa gazeti la London. Nimesoma mengi kuhusu ubishi huo, nami kila mara naumizwa na jambo moja: wenye nchi hawakuulizwa na yeyote. Wanandi na Wamaasai walikuwa na malisho, njia na makaburi yao huko. Oktoba 1905, miezi michache baada ya tume kuondoka, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi akiwa amekuja kwenye mazungumzo. Aliyempiga ni Kapteni Richard Meinertzhagen. Tutakutana naye tena Tanga.

Watu kumi, 1904–1913

Mpango ulikufa, lakini wachache waliousikia walikuwa wamekwisha panda meli. Abraham Block, aliyezaliwa Lithuania, alifika Mombasa kutoka Afrika Kusini mwaka 1903. Alianza na kilimo, kisha akaona kwamba katika mji ule wa mabati na vumbi watu hawana pa kulaza ubavu, akaanza kushona magodoro ya nyasi kavu. Miaka mingi baadaye, 1927, alipata Hoteli ya Norfolk, na mwaka 1947 New Stanley. Lakini mwanzo wake ni sindano na nyasi.

Mwaka 1904 ndio ambao jumuiya inauhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Haja ilikuwa ya kawaida sana, ile ambayo jamaa yeyote ugenini anaifahamu. Sala ya jamaa kwa Wayahudi inahitaji wanaume kumi waliobaleghe. Maiti anaoshwa, anavikwa sanda na kuzikwa haraka, na wenye kumstahi kwa taratibu hizo ni watu wa dini yake. Nyama lazima ichinjwe kwa kanuni. Kwa msomaji Mwislamu wa Pwani haya hayahitaji kufafanuliwa. Ndiyo yaliyowafanya wazee wetu nao wajenge msikiti kabla ya kujenga nyumba za ghorofa.

Hawakuwa wengi: hata kufikia 1913 zilikuwa familia zipatazo 20. Hata hivyo walipata kiwanja, na mwaka 1912 Gavana Sir Percy Girouard akaweka jiwe la msingi. Sinagogi lilifunguliwa mwaka uliofuata. Kwangu mimi hapa ndipo fahari ya taasisi hii ilipo. Watu walioahidiwa nchi nzima kwa karatasi waliishia kuomba kiwanja kimoja, wakakijenga kwa michango yao, na kiwanja hicho ndicho kilichodumu.

Upande wa Tanga, 1907–1939

Mwaka 1907 waziri wa makoloni wa Ujerumani, Bernhard Dernburg, alizuru Afrika Mashariki ya Kijerumani akiandamana na Walther Rathenau. Dernburg alikuwa Mkristo mwenye asili ya Kiyahudi kwa upande wa baba, Rathenau Myahudi asiyeficha. Wote wawili walijiona Wajerumani kamili, na kazi zao ziliwapa kila sababu ya kuamini hivyo. Rathenau alipata kuwa waziri wa mambo ya nje. Tarehe 24 Juni 1922 alipigwa risasi barabarani Berlin na vijana wa mrengo wa kulia waliomchukia kwa siasa yake na kwa uzawa wake.

Novemba 1914 jeshi la Kihindi la Waingereza lilishuka Tanga na kushindwa vibaya na askari wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, mapigano ambayo mji wetu bado unayasimulia kwa habari za nyuki. Ofisa wa upelelezi wa jeshi lile alikuwa Meinertzhagen, yule wa Nandi. Baada ya vita akapelekwa Palestina, akawa ofisa mkuu wa siasa huko mwaka 1919 na 1920, na mtetezi mkubwa wa Uzayuni ingawa hakuwa Myahudi. Shajara zake si za kuaminiwa kila ukurasa, maana mengi aliyaongeza baadaye. Njia aliyopita, hata hivyo, haina shaka: Nandi, Tanga, Yerusalemu.

Arthur Balfour naye asisahaulike. Alikuwa waziri mkuu wakati Uasin Gishu inatolewa. Mwaka 1905 serikali yake ilipitisha sheria ya kuzuia wageni kuingia Uingereza, iliyowalenga hasa Wayahudi wa Urusi. Novemba 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, alitoa tamko la kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina. Aliwakataa mlangoni kwake, na mara mbili akawaelekeza kwenye nyumba za watu wengine.

Katika miaka ya 1930 wasiwasi ulirudi pwani kwa sura nyingine. Wajerumani walikuwa wengi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na milimani Usambara, na chama cha Hitler kilikuwa na matawi Tanganyika. Katika nchi ile ile ambamo mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulianzia kwa miche 62 tu iliyosalimika, sasa yalisemwa maneno ya damu safi na damu chafu. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Wakimbizi, 1935–1947

Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 ziliwavua Wayahudi wa Ujerumani uraia. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi. Takriban zote zilieleza masikitiko na kufunga milango. Usiku wa 9 kuamkia 10 Novemba masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima. Tarehe 21 Novemba Waziri Mkuu Neville Chamberlain alilieleza bunge la Uingereza kwamba makoloni kadhaa yangefikiriwa kuwapokea, Tanganyika ikiwemo. Neville ni mtoto wa Joseph. Baba alitaja Uasin Gishu, mwana akataja Tanganyika, miaka 35 katikati, na makazi makubwa hayakutokea kote kuwili.

Waliofika walifika kwa mlango mdogo. Kenya ilidai dhamana ya pauni 50 kwa mkimbizi, fedha nyingi kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu kabla ya kupanda meli. Hapa jumuiya ya Nairobi ilifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Viongozi wake walitafuta dhamana, wakawapokea watu stesheni, wakawatafutia kazi za usimamizi wa mashamba mawakili na wafanyabiashara ambao hawakuwahi kushika jembe. Vita vilipoanza, wakimbizi hao walihesabiwa kuwa raia wa adui: wanaume wakapelekwa kambini, na wanawake na watoto wengi wakawekwa hotelini, ikiwemo Norfolk ya Block.

Mmoja wa watoto wale alikuwa Stefanie Zweig, aliyeletwa mwaka 1938 akiwa na miaka 5. Baba yake, mwanasheria, alikuwa msimamizi wa shamba Rongai. Mtoto alikulia kwenye lugha za watumishi na majirani, Kiswahili kikiwa ndani yake, na familia iliporudi Ujerumani mwaka 1947 alirudi akiwa mgeni kwao. Riwaya yake ya mwaka 1995 kuhusu maisha hayo ilitengenezewa filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Kiswahili kinasikika katika filamu hiyo, na ni Kiswahili cha nyumbani, cha jikoni na shambani.

Gilgil, 1947–1948

Nyanda za juu ziliwapokea Wazayuni hatimaye, lakini nyuma ya seng'enge. Mwaka 1947 Waingereza waliwaleta Gilgil mamia ya vijana wa makundi ya siri ya Palestina, Irgun na Lehi, waliokuwa wakishikiliwa Eritrea bila kufikishwa mahakamani. Miongoni mwao alikuwa Meir Shamgar, ambaye miaka ya 1980 alikuja kuwa jaji mkuu wa Israeli. Machi 1948 wafungwa 6, Yaakov Meridor akiwa mmoja wao, walitoroka hadi Kongo ya Wabelgiji na kufika Ulaya. Waliobaki walirudishwa Julai 1948, dola ya Israeli ikiwa imekwisha tangazwa. Mwaka huo huo Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao. Historia ya haki haiwezi kuandika furaha ya upande mmoja na kuuacha msiba huu pembeni, hasa ikiandikwa Afrika Mashariki, tunakojua maana ya ramani kuchorwa juu ya nchi yenye watu.

Tarehe kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1903 | Mauaji ya Kishinev. Uingereza yatoa pendekezo la Uasin Gishu |
| 1904 | Jumuiya ya Kiebrania ya Nairobi yahesabiwa kuanza |
| 1905 | Tume yachunguza. Mkutano wa Basel wakataa mpango |
| 1912 | Gavana Girouard aweka jiwe la msingi |
| 1913 | Sinagogi la kwanza lafunguliwa |
| 1938–1939 | Wakimbizi wa Ujerumani na Austria wapokelewa |
| 1947–1948 | Kambi ya Gilgil |
| Katikati ya miaka ya 1950 | Sinagogi la sasa lajengwa |
| 1955–1957 | Israel Somen, kiongozi wa jumuiya, awa meya wa Nairobi |
| 1963 | Uhuru wa Kenya. Waumini wengi waanza kuhama |
| 1980 | Bomu Hoteli ya Norfolk, 31 Desemba |

Tangu uhuru

Baada ya 1963 vijana wengi walihamia Israeli, Uingereza na kwingineko, na jumuiya ikapungua. Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973 kama nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ikaurejesha mwaka 1988. Tanzania ilifuata miaka ya 1990. Katika miaka yote hiyo sinagogi halikufungwa. Ubalozi ni wa serikali, na nyumba ya sala ni ya waumini.

Maumivu yaliwafika pamoja na majirani zao. Bomu la Norfolk la mwisho wa 1980 liliua watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wakiusubiri mwaka mpya. Novemba 28, 2002, hoteli ya Waisraeli huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilishambuliwa. Kati ya watu 13 waliouawa, 10 walikuwa Wakenya, baadhi yao wachezaji ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Wapwani waliwazika watoto wao kwa ugomvi ambao hawakuuanzisha.

Jengo la leo liko kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, limezungukwa na bustani na ulinzi mkali. Anayepita kwa matatu anaona ukuta na miti tu. Waumini wake ni wachache: wazawa wa familia za zamani, Waisraeli wanaofanya kazi Nairobi, na wageni wa wiki moja. Huduma ni zile zile za 1904: sala za Ijumaa jioni na Jumamosi, sikukuu, mafunzo ya watoto, mazishi.

Kabla ya sala huhakikishwa kwamba kumi wametimia. Kwa desturi ya Kiyahudi watu hawahesabiwi kwa namba; hutumiwa aya ya Zaburi ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, kila mtu akapewa neno lake. Kuna Jumamosi neno la tisa limesemwa na macho yote yakageukia mlangoni. Akiingia mtu akalichukua la kumi, kitabu kinafunguliwa.